Muziki wa bure wa kuweka chini ya video: nitaupataje bila kuvunja haki ya mtu?

Binti wa Mikindani

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa nyote.

Ninahariri filamu fupi ya dakika 14 kuhusu kikundi cha kina mama wanaopanda mikoko ukingoni mwa mkono wa bahari wa Tudor, upande wetu wa Mikindani, hapa Mombasa. Picha zote tumezipiga wenyewe kwa miezi kadhaa, maji yakijaa na yakipwa, na maelezo ameyasoma mama mmoja wa kikundi kwa sauti yake mwenyewe. Kilichobaki ni muziki wa chinichini, na kwa muziki hatuna hata shilingi moja, kwa kuwa fedha tulizochangiwa zilikwisha kwenye mafuta ya mashua na chakula cha waliotusaidia.

Naogopa kubahatisha kwa sababu yameshanifika. Mwaka jana niliweka YouTube video ya kuonyesha namna ya kupika mahamri, nikatia chini yake muziki niliouchukua kwenye chaneli moja ambayo ilitangaza waziwazi kwamba muziki wake hauna hakimiliki. Baada ya miezi mitatu lilikuja dai, na mapato yote ya matangazo yakaanza kwenda kwa mtu nisiyemjua. Nilimwandikia mwenye chaneli ile mara mbili, na hakunijibu.

Filamu hii itawekwa YouTube, itaonyeshwa ukumbini kwa majirani zetu, na mfadhili ameomba nakala ya kuweka kwenye tovuti yake. Mwishoni mwa filamu tumeandika namba ya simu ya kuagizia asali ambayo kina mama wanairina kwenye mizinga iliyotundikwa humo humo mikokoni. Nimefikiria mambo matatu: kuifungua filamu kwa wimbo wa "Jambo Bwana", kwa kuwa ni wimbo wetu wa kienyeji wa siku nyingi, au kutumia santuri ya taarabu ya miaka ya 1960 aliyoiacha marehemu babu, au kupakua kitu mtandaoni. Naomba mwenye ujuzi anieleze lipi linafaa kisheria, na anayejua mahali pa kupata muziki wa bure usio na mtego anielekeze.

Fundi wa Picha, Ganjoni

Wa alaykum salaam, dada yangu. Pole kwa yaliyokufika. Mimi huhariri video za harusi na za mashirika, na jambo hili limewahi kunikosesha usingizi zaidi ya mara moja, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Nianze na lile dai la mahamri. Muziki haukosi hakimiliki kwa sababu mtu ameandika hivyo kwenye kichwa cha video. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, ulinzi huanza mara wimbo unapotungwa na kuhifadhiwa, iwe kwa maandishi au kwa rekodi, na kuuandikisha kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, yaani KECOBO, ni hiari ya mtunzi. Bila shaka mwenye chaneli ile hakuwa mtunzi wala hakupewa ruhusa na mtunzi, na mtu hawezi kukupa kibali ambacho yeye mwenyewe hana. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalolitafuta kabla hata ya kuusikiliza muziki wenyewe ni jina la aliyeutunga na ukurasa wake mwenyewe. Nikikosa jina, ninaondoka.

Ulichopata wewe kilitoka Content ID, mfumo ambao YouTube iliuanzisha 2007, na ambao hulinganisha sauti ya kila video inayopakiwa na rekodi zilizokabidhiwa na wenye haki. Tafadhali usichanganye dai na onyo. Dai huhamisha mapato au huzuia video isionekane, lakini chaneli yako inabaki salama. Onyo hutolewa pale mwenye haki anapoomba video iondolewe kisheria, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli nzima.

Kuhusu mahali pa kutafuta, kwa video zinazoishia YouTube peke yake mimi hutumia Maktaba ya Sauti iliyo ndani ya YouTube Studio. Humo kuna kichujio kinachotenganisha muziki usiodai kumtaja mtunzi na ule unaotolewa kwa leseni ya Creative Commons, yaani kibali cha wazi ambacho mtunzi humpa kila mtu atumie kazi yake bure kwa masharti, na ambao lazima umtaje mtunzi. Lakini filamu yako itatoka nje ya YouTube, itakwenda ukumbini na kwenye tovuti ya watu wengine, na hapo mimi hupendelea leseni ambayo masharti yake hayakufungwa kwenye mtandao mmoja. Leseni ya CC BY, ambayo ni mojawapo ya hizo za Creative Commons, ni ya namna hiyo: inakuruhusu kunakili, kukata, kuoanisha na picha na kuonyesha popote, hata kwa biashara, mradi umtaje mtunzi ipasavyo. Mtunzi Kevin MacLeod wa Marekani ametoa vipande vingi mno kwa CC BY 4.0 kupitia tovuti yake ya Incompetech, na unaweza kuvitafuta kwa hisia ya muziki na kwa mwendo wake. Free Music Archive, ambayo ilianzishwa 2009 na kituo cha redio cha WFMU, ina muziki wa kila aina, ila kila kipande kina leseni yake, na ni lazima usome iliyo chini ya kipande chenyewe badala ya kudhani kwamba tovuti nzima ina ruhusa moja. Pixabay ina leseni yake yenyewe isiyokulazimisha kumtaja mtunzi. Hata hivyo, baadhi ya muziki wake umesajiliwa kwenye Content ID, na kwa hiyo pakua pia hati ya leseni wanayoitoa, kwa sababu ndiyo utakayoionyesha dai likija.

Ukiona tovuti inasema muziki wake hautozwi mrabaha, usome mara mbili. Mara nyingi maana yake ni kwamba utalipa mara moja tu na hutadaiwa malipo mengine kila video inapochezwa.

Kumtaja mtunzi kuna namna yake, na hapa ndipo wengi wetu huteleza, kwa kuwa tunaandika jina peke yake na kudhani tumemaliza. Andika jina la kipande, jina la mtunzi, kiungo cha mahali ulipokichukua, jina la leseni pamoja na kiungo chake, na kama umekikata au umekirefusha, useme hivyo. Kwenye YouTube uandike chini ya video. Ukumbini watu hawatayaona maelezo hayo, kwa hiyo yaweke pia kwenye majina yanayopita mwishoni mwa filamu, na yakae muda wa kutosha kusomeka.

Kijana wa Likoni

Mimi nimeambiwa na wenzangu kwamba ukitumia wimbo chini ya sekunde 30 hakuna tatizo lolote, na kwamba ukiandika chini ya video kuwa huna nia ya kuvunja haki ya mtu unakuwa salama. Je, si kweli?

Wakili wa Tononoka

Si kweli, ndugu yangu, na ninakuomba uwaeleze wenzako. Hakuna kipimo cha sekunde katika sheria yetu. Sheria inaruhusu matumizi machache bila kibali, kama vile utafiti wa kisayansi, matumizi ya binafsi, uhakiki na taarifa za matukio ya sasa, tena kwa sharti la kumtaja mwenye kazi. Kupamba filamu kwa wimbo wa mtu hakumo, hata ukitumia sekunde kumi, na kuandika kwamba huna nia mbaya hakugeuki kuwa kibali.

Niongeze jambo moja ambalo wenye hoteli na maduka hapa Mombasa huliuliza mara kwa mara. Leseni wanayolipia ili kupiga muziki mbele ya wateja, kupitia vyama vya kukusanya mirabaha ya wasanii, inahusu kupiga muziki hadharani. Haimpi mwenye duka ruhusa ya kuuchukua wimbo na kuutia ndani ya video ya kutangaza duka lake. Kuoanisha wimbo na picha ni kibali kingine, na huombwa kwa mtunzi au kwa anayesimamia utunzi, na kisha kwa mwenye rekodi.

Mpiga Udi, Mji wa Kale

Bint yangu, nimesoma swali lako na limenigusa, kwa sababu umetaja taarabu na mimi ndiyo kazi yangu tangu ujana.

"Jambo Bwana" si wimbo wa mapokeo. Ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison wa kikundi cha Them Mushrooms, kikundi kilichozaliwa papa hapa Mombasa, na ulitolewa 1982. Kwa kuwa umepigwa kwenye kila hoteli ya ufuoni mbele ya kila mgeni, watu wamesahau kwamba una mtunzi, na sisi wanamuziki wa pwani linatuuma sana kuona kazi ya mwenzetu ikiitwa ya kienyeji, kana kwamba iliota yenyewe kama nyasi. Uache, ama uombe ruhusa kwa wenyewe.

Santuri ya babu yako nayo ina haki mbili ndani yake, na ni lazima uzitenge. Ya kwanza ni haki ya rekodi, ambayo kwa sheria ya Kenya hudumu miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa, kwa hiyo rekodi ya 1968 ulinzi wake hapa kwetu ulikwisha mwishoni mwa 2018. Ya pili ni haki ya utunzi, yaani maneno na lahani, nayo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwake. Kwa mfano, ikiwa mtunzi wa wimbo huo alifariki 2000, warithi wake wana haki hadi mwisho wa 2050, hata kama santuri yenyewe imechakaa na sindano inaruka. Tena taarabu mara nyingi shairi ni la mtu mmoja na lahani ni ya mwingine. Pamoja na hayo, YouTube hutazamwa ulimwengu mzima, na nchi nyingine zina muda mrefu kuliko wetu: Ulaya utunzi hulindwa miaka 70 baada ya kufa kwa mtunzi, na Marekani rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 ziliachiliwa kwa umma tarehe 1 Januari 2022. Ya miaka ya 1960 iko mbali sana na mpaka huo.

Hesabu hiyo hiyo inahusu muziki wa kale wa Ulaya. Beethoven alifariki 1827 na utunzi wake ni wa kila mtu, lakini okestra iliyourekodi 2015 ina haki ya rekodi yake. Ukitaka muziki wa aina hiyo, tovuti ya Musopen ina rekodi zilizoachiliwa makusudi, na hata humo soma leseni ya kila moja.

Lakini mbona unatafuta mbali? Mji huu umejaa wapiga udi, zumari, ngoma na kinanda ambao hawajawahi kuombwa. Mtafute mmoja, mweleze habari ya mikoko, mwombe dakika tano za muziki alioutunga mwenyewe, na muandikiane ukurasa mmoja.

Binti wa Mikindani

Shukran sana, mzee wangu, na shukran Fundi na Wakili. Kuhusu "Jambo Bwana" nimeona haya kwa kusema ni wimbo usio na mwenyewe, na nimeuondoa.

Nimekaa usiku mzima kwenye zile tovuti. Nimepata kipande kizuri mno chenye alama BY-ND, na kingine chenye BY-NC. Vyote viwili havina malipo. Je, naweza kuvitumia nikimtaja mtunzi? La pili, kuna sehemu ambapo mama mmoja anazungumza ndani ya mashua huku redio ya nahodha inapiga wimbo wa Bongo Fleva nyuma yake. Sikuwasha redio ile mimi. Je, nayo ni tatizo? La mwisho, kina mama wenyewe huimba wanapopanda, na nimeirekodi sauti yao nikiwa nimesimama topeni, ila sikuwa nimeifikiria kuwa ni muziki.

Fundi wa Picha, Ganjoni

Dada, kile cha ND ukiache. Herufi hizo maana yake ni kwamba hakuna ruhusa ya kutengeneza kazi nyingine kutokana na ile, na leseni za Creative Commons zinasema bayana kwamba kuoanisha muziki na picha zinazotembea kunahesabiwa kuwa ni kutengeneza kazi nyingine. Kwa hiyo hata usipokata noti moja, kukiweka chini ya video kumevuka sharti. Mimi mwenyewe nililijua hili nikiwa nimeshamkabidhi mteja kazi, nikarudi kuibadilisha kwa gharama yangu.

Kile cha NC kinakataza matumizi yanayolenga hasa faida ya kibiashara au malipo. Kinachoangaliwa ni matumizi, hata kama mtumiaji ni kikundi cha hisani. Filamu ya kuelimisha majirani ingeweza kupita, lakini ninyi mmeweka namba ya kuagizia asali mwishoni, na huenda mkaruhusu matangazo kwenye chaneli. Sitaki kina mama waanze kubishana na mtunzi kwa ajili ya chupa ya asali. Ama muondoe namba na msiruhusu matangazo, ama mtafute kipande cha CC BY, na mimi ningefanya hilo la pili. Ukikutana na SA, ujue kwamba inakutaka uitoe filamu yenyewe kwa leseni hiyo hiyo, kwa hiyo umuulize mfadhili kwanza.

Redio ya mashuani inaweza kunaswa na mfumo wa Content ID hata kama inasikika kwa mbali. Rudi pale mahali, rekodi dakika mbili za maji yakigonga mbao na upepo kwenye majani, kisha uifunike sehemu hiyo kwa sauti hizo na maneno ya mama uyasomeshe upya na uyaweke juu yake. Na kabla ya kuichapisha filamu, ipakie kwanza ikiwa ya faragha na uache hatua ya ukaguzi ya YouTube ikamilike, kwa sababu hukuonyesha kama kuna dai kabla mtu yeyote hajaiona.

Kila kipande utakachokipakua, hifadhi ukurasa wake siku hiyo hiyo: picha ya skrini inayoonyesha leseni, jina la mtunzi, anwani ya ukurasa na tarehe. Leseni za Creative Commons haziwezi kufutwa kwa mtu ambaye ameshaichukua kazi na anafuata masharti, lakini mtunzi anaweza kuiondoa kazi mtandaoni kesho, na hapo utakuwa huna cha kuonyesha. Dai likija, pinga kwa kuambatisha ushahidi huo; aliyedai ana siku 30 za kujibu, na ukipinga ndani ya siku tano za mwanzo, mapato hushikiliwa tangu siku dai lilipoingia hadi shauri limalizike. Nawe ukigundua kwamba uliwahi kusahau kumtaja mtunzi wa kazi ya CC 4.0, rekebisha upesi, kwani ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ulipogundua, ruhusa yako hurudi yenyewe.

Wakili wa Tononoka

Ninajibu kuhusu nyimbo za kupandia. Ikiwa kina mama wameutunga wenyewe, wao ndio watunzi na waimbaji, na kibali chao ndicho unachokihitaji. Ikiwa ni wimbo wa jadi wa Wamijikenda, tuna Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Utamaduni ya 2016, ambayo inaipa jamii yenyewe haki juu ya nyimbo na ngoma zake na inataka ridhaa yao ya mapema, hasa pale palipo na biashara. Kaa nao, waulize wimbo umetoka wapi, uwachezee hiyo sehemu ya filamu wausikie, na mwandike walilokubali, ukitaja jamii yao mwishoni mwa filamu.

Kuhusu mpiga ala, sheria inakubali leseni isiyo ya kipekee hata kwa mdomo, lakini uhamisho wa haki na leseni ya kipekee havina nguvu bila maandishi yaliyotiwa saini. Wewe andika kwa vyovyote vile. Karatasi itaje kipande, filamu, mahali itakapoonyeshwa, muda, kama kuna malipo au hapana, na jina litakavyoandikwa. Muulize kama amekabidhi haki zake kwa chama chochote cha ukusanyaji wa mirabaha, kwa kuwa akiwa amekabidhi huenda asiweze kukuruhusu peke yake. Mwenye studio na wapigaji wengine nao watie saini.

Binti wa Mikindani

Leo alasiri nimekaa na kina mama. Wimbo wa kwanza wameutunga wenyewe, na yule aliyeuanzisha alinieleza siku alipouanza, walipopanda miche mara ya kwanza na nusu ikachukuliwa na maji ya bamvua. Wa pili waliurithi kwa bibi zao, nao wamesema wangependa kwanza kuwauliza wazee wao, kwa hiyo nimeuweka kando mpaka majibu yaje. Tumeandika karatasi kwa Kiswahili, nimeisoma kwa sauti mara mbili, na wote kumi na mmoja wametia saini. Sehemu za katikati, ambapo mama anasimulia, nimetia kipande kimoja cha CC BY kisicho na uimbaji ili kisigombane na sauti yake, na ukurasa wake nimeuhifadhi. Kilichonibakia ni dakika mbili za mwanzo, jua linapochomoza na maji yakipwa.

Mpiga Udi, Mji wa Kale

Dakika mbili hizo niachie mimi, bint yangu. Nina lahani niliyoitunga miaka mingi iliyopita ambayo sikuwahi kuirekodi wala kuikabidhi kwa chama chochote. Nitakuja Jumamosi, maji yakiwa yamepwa, ili niwasikie hao kina mama wakiimba kabla sijapiga. Sitaki malipo, ila hiyo karatasi uje nayo tutie saini kwanza.